Siku moja ya fundi wa hoisti Mbeya: "Fundi, itoe tu hiyo limiti"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho. Uyole mwezi wa saba baridi yake we acha tu, maji ya ndoo yanauma mpaka mifupa. Chai, maandazi mawili, begi la vifaa, daladala, saa moja na kitu nipo Iyunga.

Mi ni fundi umeme wa hoisti, zile mashine zinazokaa juu kwenye boriti, ngoma inazunguka waya wa chuma unajikunja, huki (ndoano) inapanda na mzigo. Nikisema hivyo watu wanadhani natengeneza lifti za maghorofani, nimechoka kukataa.

Saa mbili kazi ya kwanza, walinipigia usiku "fundi mashine imekufa haipandi kabisa". Nikafika nikabonyeza kitufe cha kushusha, ikashuka. Kumbe walikuwa wameipandisha mpaka mwisho, limiti, yaani swichi ya kuizuia huki isipitilize juu, ikakata, na limiti ikikata inakata kupanda tu, kushuka kupo palepale. Ile yao ni ya uzito, kuna chuma kimening'inia kwenye waya, huki ikipanda inakibeba na swichi inakata. Dakika tatu kazi imeisha. Wakacheka wakanipa nauli, ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

Saa nne nikaingia kwenye karakana ya kukata mawe, na siku yangu ikaishia hapo.

Hoisti ya tani 5, waya wa njia nne, yaani huki inabebwa na mistari minne ya waya huohuo. Msimamizi ni mtu mzima, namwita mzee, hata begi sijashusha ananiambia fundi hiyo limiti inatukwamisha, huki inasimama chini sana jiwe halivuki bodi la Fuso, itoe, piga direct umeme usipite kwenye limiti, kuna mwenzio kasema elfu ishirini anamaliza. Nikamuuliza mzee imeanza lini? Tangu tubadilishe waya. Nani alibadilisha? Vijana wetu hawahawa. Basi nikajua.

Hoisti yao ni ya limiti ya gia, kiboksi kimefungwa mwisho wa ngoma, ndani kuna vigia na kamu za kubonyeza swichi, kinahesabu mizunguko ya ngoma tu basi. Huki iko wapi hakijui. Waya wa zamani ulikuwa bado umetupwa pale kona, tukaunyoosha tukapima, huu mpya umezidi kama mita nne. Kwa njia nne maana yake huki imeshuka mita moja. Ngoma imezunguka ileile, limiti imekata palepale inapokataga siku zote, ila huki ndo iko chini.

Mzee akasema sawa, basi sogeza hiyo limiti ikate mbele zaidi. Nikapanda juu kuangalia, ngoma imejaa, mifereji ya kukunjia waya haina hata nafasi ya mizunguko minne ya ziada, ukilazimisha waya unapandiana na kuvunja gaidi, ile pete inayouongoza waya ukae kwenye mifereji. Nikamwambia dawa ni kuukata waya. Akaniangalia kama nimemtukana, waya mpya huo!

Tumebishana mpaka saa sita. Nikamweleza huki ikipanda bila cha kuizuia inagonga ngoma, mota haijui kuona huruma inaendelea kuvuta, waya unakatika, na jiwe linarudi chini na huki yake. Akasema vijana wangu wako makini. Nikamwambia sawa mzee, napiga direct sasa hivi, ila wewe simama pale anaposimama dogo kuongoza jiwe kwa mikono, mi nabonyeza. Akanyamaza kidogo. Halafu akarudi kwenye bei.

Umeme ukakatika. Tukala wali maharage kwa mama ntilie, umeme haurudi, wakawasha jenereta. Nikajaribu kitufe cha juu, huki ikashuka! Fezi, zile nyaya tatu za umeme, zimegeuka mpangilio, mota inazunguka kinyume. Mzee anasema si shida fundi tutakuwa tunabonyeza kinyume. Jamani. Limiti ya juu imefungwa kwenye koili ya kontakta ya kupandisha, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, sasa kama unapandisha kwa kitufe cha kushusha, limiti itafika mwisho ikate kontakta ambayo hata haifanyi kazi muda huo, huki inaendelea kwenda tu. Kwa maneno mengine hapo huna limiti kabisa. Nikazima, nikabadilishana nyaya mbili kwenye swichi ya jenereta, bure, hakuna aliyeniuliza nimefanya nini.

Saa ngapi sijui, jua lilishaanza kuegemea, tukashusha huki chini na kufungua mwisho wa waya pale kwenye kabari. Unafunga waya mwembamba pande zote mbili kabla ya kukata la sivyo unafumuka wote. Grenda, cheche, mikono inatetemeka. Tukarudisha, kabari ikakaza. Sasa jaribio, bila mzigo, unabonyeza unaachia unabonyeza unaachia, macho juu, ikakata. Mara tatu, palepale. Halafu nikaipandisha bila kuachia maana ikiwa kwenye mwendo huwa inateleza kidogo kabla breki haijashika, bado ikabaki nafasi ya shubiri mbili. Jiwe likavuka bodi la Fuso kama hakuna kitu. Nikawaambia vijana kila asubuhi wajaribu hivyohivyo kabla ya kazi, na wasiifanye hiyo limiti kuwa ndo breki yao ya kila siku, wakitikia kwa kichwa huku wanaangalia simu.

Giza linaingia ndo tunaongea hela. Mzee ananiuliza, kwa hiyo hiyo limiti yenyewe hujaigusa? Nikasema sijaigusa, haikuwa na kosa. Akasema basi punguza.

Elfu thelathini nipitie Ijumaa. Na kile kipande cha waya cha mita nne nilichokata, nilikuwa nimeshakiviringisha niondoke nacho, akakizuia getini, eti mali ya ofisi.