Madirisha mengi, moja tu mbele: nilivyopanga hali yake kwenye React

Programu niliyokabidhiwa ni ya duka la dawa za jumla, imeandikwa kwa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), na hutumika ndani ya kivinjari. Keshia hufungua dirisha la ankara, la stoo na la madeni kwa pamoja. Analolitumia linatakiwa kukaa juu, kichwa chake kikiwa na rangi. Kila dirisha lilikuwa na useState yake (kumbukumbu ndogo ya React) ya kusema kama liko mbele au la. Likifunguliwa jipya, mengine yalipaswa kuambiwa yajizime. Mengine hayakupata habari, ikawa madirisha mawili yana rangi, na ukibonyeza Esc yanafungwa yote.

Nikazifuta hizo useState zote. Kwenye komponenti mzazi (kipande cha programu kinachobeba madirisha yote) niliweka useReducer, kumbukumbu inayobadilishwa na funksheni moja, yenye orodha moja ya id (vitambulisho) za madirisha, na ya mwisho ndiyo iliyo mbele. Ukibofya dirisha, id yake inatolewa ilipo na kupelekwa mwishoni. Kama tayari iko mwishoni, orodha ileile inarudishwa ili React isichore upya bure. Ukifunga, id inaondoka na lililokuwa chini linashika nafasi lenyewe.

Kwenye kuchora ndiko kwenye mtego. Unatamani kuyachora kwa kufuata orodha hiyohiyo, la mwisho lije juu. Lakini hapo React huhamisha elementi ndani ya DOM (mti wa vipande vya ukurasa kwenye kivinjari), na iframe, yaani ukurasa uliopachikwa ndani ya mwingine, ikihamishwa hupakia upya. Dirisha la ankara lina PDF ndani ya iframe: uko ukurasa wa tatu, unaligusa, unarudishwa wa kwanza. Kwa hiyo nayachora kwa mpangilio wa kufunguliwa, usiobadilika, na kubadilisha zIndex (namba inayoamua kipi kikae juu) peke yake: 100 kujumlisha nafasi ya id kwenye orodha.

Mbofyo naudaka kwa onPointerDownCapture, inayoupata ukiwa bado unashuka kuelekea ndani, maana jedwali la dawa lina stopPropagation (amri ya kuzuia tukio lisiendelee kupanda) ndani na onPointerDown ya kawaida isingefikiwa. Nimeongeza onFocusCapture, inayodaka fokasi (sehemu inayopokea kibodi) ikiingia, kwa sababu makeshia wenye kasi hawagusi mausi, wanatembea na Tab. Orodha ya kuchagulia dawa, iliyochorwa nje ya dirisha lake kwa createPortal, haikunipa shida: matukio yake hupanda kwa mzazi wake wa React hata kama kwenye DOM yuko mbali.

Dirisha likifungwa, fokasi huangukia kwenye body. useEffect (kodi inayoendeshwa baada ya kuchora) inayofuatilia id ya mwisho huita focus() kwenye dirisha lililobaki mbele, kwa sharti kwamba document.activeElement, yaani elementi yenye fokasi, haimo tayari ndani yake. Bila sharti hilo, mtu wa Tab ananyang'anywa kisanduku alichokwisha kukifikia.

Esc sasa ina msikilizaji mmoja, anayefunga id ya mwisho. Swali la “Futa ankara hii?” halimo kwenye orodha kabisa, ni dialog (kisanduku cha kivinjari chenyewe) inayofunguliwa kwa showModal(), nayo hukaa juu ya zIndex yoyote. Ila msikilizaji wangu hutazama kwanza kama kuna dialog[open], yaani dialog iliyo wazi, vinginevyo Esc moja ingeondoa swali pamoja na ankara.