Kurudi Amu kwa tanga: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Tumetia nanga Mtangawanda, magharibi ya kisiwa cha Pate. Nikiamka, kabla ya lolote nageuza shavu niusikilize upepo. Kusi tupu, upepo utokao kusini, na kusini ndiko tunakokwenda. Shule zikifungwa mwezi wa nane nawachukua vijana siku tano kwa chombo cha tanga kuwafunza ubaharia, Amu, yaani Lamu, hadi kisiwa cha Kiwayu na kurudi. Kwenda, kusi hutusukuma. Kurudi ni kubisha, kwenda upande huu na ule dhidi ya upepo, mwanzo mwisho.

Nina wanafunzi wanane wa miaka 14 hadi 17, mabaharia wawili na mwalimu wao wa kike. Wanaotuona kutoka gatini hudhani nawatembeza watoto. Wengine husema ubaharia ni wa aliyeshindwa na shule. Babu yangu alipakia boriti za mikoko hapa akazifikisha Uarabuni kwa kusi hii hii, bila ramani, na neno hilo likisemwa mbele yangu huniuma.

Sala, kukumba maji ya ngama (tumbo la chombo), chai na mahamri ya jana. Saa kumi na mbili na nusu mikono minane iko kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga, na foromali, boriti inayobeba tanga, inapanda.

Saa mbili tuko katikati ya ghuba ya Manda, usukani ameushika msichana wa miaka 16. Tanga letu haligeuzwi kwa kuukabili upepo. Chombo huupa upepo tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, demani, kamba ya kuongozea tanga, ikaachiwa, foromali ikasimamishwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti, na mifuko ya mchanga ikahamishiwa upande wa pili. Kila tukigeuza tunapoteza sehemu ya masafa tuliyoyapata kwa jasho. Mara mbili wamefanya vizuri. Ya tatu, kijana wa demani amesimama ndani ya duara la kamba. Nimemvuta kwa jaketi okozi kabla sijafungua mdomo. Kamba ile ikishika upepo huku mguu uko ndani, mguu umekwenda.

Hapo tu ndipo nilipotia mkono. Makosa mengine nayaona yakija, nayaacha yaje, na hilo linachosha kuliko kuvuta kamba.

Upande wa bara zinaonekana kreni za bandari mpya pale Kililana, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa 2021. Kijana mmoja anataka awe rubani wa kuingiza meli pale. Nikamwambia aangalie boya linavyolala, aniambie mkondo unavuta wapi. Akapata.

Saa saba na nusu tumefika mdomo wa Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na maji yakipwa hapa hubaki tope. Hesabu ya maji nilimpa kijana wa miaka 15, mwenye daftari. Amesema saa hii yanatosha. Nikatazama mizizi ya mikoko, nikajua hayatoshi. Lakini maji yanajaa, tope ni laini, upepo umekatwa na miti. Mahali pa kukosea ni hapa. Nikanyamaza, tukakwama.

Simu ikalia. Mama wa mmoja wao, mara ya nne leo.

"Nahodha, mwafika saa ngapi?"

"Mama, twangoja maji."

"Hicho chombo hakina mashine?"

"Kinayo, mama, ni ya dharura. Na hapa hata kwa mashine hakielei."

"Mimi nimelipa mwanangu afundishwe, si awekwe juani."

Nimemjibu kwa adabu, kwa sababu ni mama na mtoto ni wake. Akataka kuzungumza naye. Mtoto yuko ndani ya tope hadi magotini, ameshika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, anasoma kina na kumtajia mwenye daftari. Hakutaka simu. Mama akakata, baada ya dakika kumi akapiga tena kuniuliza kama amekula. Amekula, wali na samaki changu. Akapiga tena. Jua liko utosini, mgongo unaniuma tangu asubuhi, na mwenye daftari amejiinamia tezini, hataki kumtazama mtu.

Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza saa ya maji aliitoa wapi.

"Ya jana, nahodha. Mtangawanda."

"Na leo?"

Akafunga macho. "Sikuongeza. Na kila siku maji huchelewa."

Maji yalituinua saa nane na robo hivi. Baada ya hapo sikutazama saa tena. Ndani ya Mkanda upepo ulikuwa haba, vijana wakapiga upondo kwa zamu, kimya, viganja vimechubuka. Tulipotokea mbele ya mji wa Amu tanga likajaa tena, na yule msichana akatuleta mpaka gatini mwenyewe. Mama wa simu alikuwa amesimama pale. Mwanawe akaanza kumweleza habari ya kina cha maji kabla hajashuka.

Jioni imenikuta bado nakumba ngama. Mwenye daftari amebaki kunisaidia kukunja tanga.

"Kesho maji yatajaa saa ngapi, nahodha?"

"Niambie wewe."

Akaongeza dakika 40 juu ya saa ya leo, akafikiri, akafuta, akaandika 45.