Sikio kavu, siku ya 19

Leo nimeamka nikapapasa foronya kabla hata sijafungua macho vizuri, kavu. Siku ya 19 mfululizo, na bado kila asubuhi mkono unaenda wenyewe kushoto, maana kwa miaka mitatu nilikuwa naamka na duara la njano pale sikio linapolala, halafu ile harufu, ambayo wewe mwenyewe unaizoea ila unaona tu mtu aliyekaa kushoto kwako kwenye basi anageuza uso kidogo kidogo. Nikawa nawahi siti ya dirishani upande wa kushoto ili sikio liangalie kioo. Hilo sijawahi kumwambia mtu, ndio naliandika hapa.

Nikiwa mkweli, mimi mwenyewe nimelilea hili tatizo. Usaha ukianza nakimbilia kapsuli za antibayotiki, zile za rangi mbili, nameza siku tatu, sikio linatulia, zilizobaki natupia kwenye droo nikisema zitanifaa likianza tena. Na kweli linaanza tena. Mpaka mwaka jana droo ilikuwa na mabaki ya dozi nne tofauti. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba Alexander Fleming, huyohuyo aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu kwenye hotuba yake kwamba ipo siku mtu yeyote ataweza kujinunulia hiyo dawa dukani, atakunywa dozi pungufu, na bakteria wake watazoea. Nikaitazama droo. Mzee alikuwa ananisema mimi kabla hata sijazaliwa.

Basi kapsuli zikagoma kabisa, nikahamia upande wa pili kwa hasira, nikasema antibayotiki sitaki kuzisikia tena, natafuta njia mbadala. Kila kitu nilichoshauriwa nilijaribu. Ule mshumaa wa sikio, wenye uwazi katikati, unalala ubavu wanauchomeka sikioni wanauwasha, eti unavuta uchafu. Ukiisha wanaupasua wanakuonyesha unga wa kahawia ndani na wewe unashangaa kweli nilikuwa nimebeba vitu hivi kichwani? Nikanunua wa pili nikauwasha juu ya glasi tupu. Nikaupasua. Uchafu uleule! Ni nta ya mshumaa yenyewe iliyoungua, glasi haina nta masikioni jamani. Halafu kuna watu wameungua uso na wengine nta ya moto imewaingia mpaka ndani, kwa hiyo nashukuru mimi niliibiwa hela tu.

Siki ndio ilinitia adabu. Nilisoma mahali kwamba siki inaua bakteria wa sikio, nikachanganya na maji nikadondosha matone manne. Maumivu hayaelezeki, na chumba kikaanza kuzunguka, nikashika ukuta nikakaa chini ya sinki la bafuni karibu nusu saa. Kesho yake nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa aibu.

Akawasha taa yake akachungulia kimyaaa, akasema, "Dada, hapa kuna tundu kwenye ngoma ya sikio." Nikamwambia yote, mpaka mshumaa. Hakunicheka, ila nilipofika kwenye siki aliinamisha kichwa kidogo. Akanieleza kwamba wazo lenyewe si la kipumbavu, asidi iliyo kwenye siki, kwa kipimo cha asilimia 2, ni dawa kabisa ya masikio, ila ni ya ugonjwa wa njia ya nje ya sikio, kwa mtu ambaye ngoma yake ni nzima. Wale bakteria wanaopenda unyevu, hasa pseudomonasi, hawaipendi asidi, na kwa wiki ya kwanza inafanya kazi sawasawa na matone ya antibayotiki, ugonjwa ukichukua muda zaidi ndio inaanza kuachwa nyuma. Lakini ngoma ikiwa na tundu hiyo siki inapita moja kwa moja hadi sikio la kati, na jirani yake pale ndio mitambo ya kusikia na ya kukuweka wima. Ndio maana chumba kilizunguka. Na si siki tu, hata baadhi ya matone ya hospitali yana hatari kwa sikio lenye tundu, kwa hiyo kabla ya kudondosha chochote mtu achungulie kwanza.

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu nyumbani, dokta, hakuna kitu kisicho antibayotiki? Akasema kipo, na ndicho ambacho wagonjwa wake wengi hawakifanyi kwa sababu hakifanani na dawa. Kukausha.

Akachukua kipande cha kitambaa laini cha pamba, kisafi, akasokota pembe yake mpaka ikawa utambi, kama ule wa taa. Akavuta sikio langu juu na nyuma, akaingiza utambi taratibu, akauacha unywe. Akautoa umelowa, akatupa, akasokota mwingine. Siku ile ya kwanza zilitumika saba mpaka ukatoka mkavu. Saba! Akasema mara tatu kwa siku au zaidi, na vijiti vya masikio nivisahau kabisa maana vinasukuma uchafu ndani. Kisha baada ya kukausha ndio nidondoshe matone, nibonyeze kile kinundu cha mbele ya tundu la sikio mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani.

Matone ya nini? Antibayotiki hahaha. Nilienda kutafuta njia ya kuikwepa nikarudi nayo kwenye mfuko. Ila alinieleza vizuri nikaelewa: kapsuli inazunguka mwili mzima kwa damu, inamsumbua kila bakteria wa tumboni ambaye hana kosa, halafu pale sikioni penye shida inafika kidogo, na bakteria wa sikio la muda mrefu wameshajijengea utando wa kunata wamejificha ndani yake. Tone linamwaga dawa palepale. Lakini nilishawahi kupewa matone huko nyuma yakashindwa! Akauliza, ulikuwa unakausha kwanza? Sikuwa nakausha. Miaka yote dawa ilikuwa inaelea juu ya usaha kama mafuta juu ya maji.

Nimeandika idadi ya tambi kwenye kalenda ya ukutani. Saba, sita, sita, tano, tano, siku moja ikarudi saba nikataka kulia (nilioga nikasahau kuziba na pamba yenye mafuta ya mgando), nne, tatu, mbili, moja. Mtu akiiona hiyo kalenda sijui atadhani nahesabu nini.

Katika hizo wiki usiku nilikuwa nalala ubavu nasubiri tone lishuke na simu mkononi, nikasoma mambo mengi ya hizi njia mbadala, na zile zenye akili zimenivutia kuliko nilivyotarajia. Kuna virusi vinavyokula bakteria, bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Félix d'Hérelle aliandika kuvihusu pale Taasisi ya Pasteur, Paris, mwaka 1917, yaani miaka 11 kabla ya penisilini ya Fleming, na kule Tbilisi, Georgia, kuna taasisi tangu mwaka 1923 ambayo haikuwahi kuviacha hata dunia nzima ilipohamia kwenye antibayotiki. Mwaka 2009 yakatoka majibu ya jaribio la London, watu 24 wenye masikio sugu kama langu, pseudomonasi tupu, 12 wakapewa dozi moja ya mchanganyiko wa faji na 12 wakapewa maji yasiyo na faji. Wa faji walipata nafuu na bakteria wakapungua. Dozi moja tu, kwa sababu faji akimkuta bakteria wake anazaliana humohumo, dawa inajiongeza yenyewe mpaka chakula kiishe. Watu 24 ni wachache, najua, na si kitu unakikuta kila duka la dawa, ila nilibaki natabasamu gizani.

Kingine ni kisa cha mgonjwa mmoja wa San Francisco ambacho daktari wake amekisimulia. Sikio moja bovu miaka na miaka, dawa zimeshindwa, siku moja anarudi kliniki amepona. Umefanyaje? Nimechota nta ya sikio zima nikaweka kwenye bovu. Hakuwa mchawi bwana, sikio zima lina bakteria wake wa amani ambao wanakaa kwenye nafasi, na mbovu akija anakuta nyumba ina wenyewe. Nakiri nilinyanyuka, nikaenda bafuni, nikasimama mbele ya kioo na kijiti cha pamba nikiangalia sikio langu la kulia kwa muda mrefu. Nikakirudisha. Mtu mmoja aliyebahatika si dawa, na tundu langu lilishaniadabisha na siki.

Pua nisiongee sana, nasafisha kwa maji ya chumvi kila mafua yanaponibana na inanisaidia, maambukizi ya bakteria kwenye sainasi (vile vyumba vya hewa nyuma ya pua) ni machache kuliko tunavyodhani, mara nyingi ni virusi na vinaondoka vyenyewe ndani ya siku kumi. Ila maji yachemshwe yapoe kwanza. Maji ya bomba yanaweza kubeba amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambaye akinywewa hana shida lakini akipanda puani anaenda kwenye ubongo, ni nadra sana ila mwaka 2011 watu wawili Louisiana walikufa hivyo.

Sasa koo. Hapa ndipo nilipopigwa chenga, maana nilishaanza kujiona mtaalamu.

Wiki iliyopita mwanangu akaamka analia koo. Mama yake sasa ni bingwa wa njia mbadala, nikamsukutulisha maji ya chumvi, nikampa asali (ana miaka minane, chini ya mwaka mmoja asali hairuhusiwi), nikamwambia mwanangu hii ni virusi, vumilia. Na kwa hesabu nilikuwa upande mzuri, makoo mengi ni virusi, na hata masikio ya ghafla ya watoto mengi yanatulia ndani ya siku tatu kwa dawa ya maumivu tu. Ila jioni nikamwambia afungue mdomo nikamulika na simu. Tonsesi nyekundu zina vidoa vyeupe, tezi za shingo zimevimba kama gololi, joto 39, na kitu ambacho hakikuwepo ndio kilinishtua: hakohoi, hana hata kamasi. Virusi kwa kawaida vinakuja na kikohozi, mafua, sauti kukauka.

Kesho yake wakampitisha pamba kooni, wakakuta ni bakteria, streptokoka. Nikamuuliza daktari kama tunaweza kwenda na chumvi na asali tuone. Akasema, "Mama, koo litapona hata usipompa kitu. Mimi siogopi koo, naogopa moyo." Huyu streptokoka akiachwa, kwa watoto wengine wiki mbili tatu baadaye, koo limeshasahaulika, kinga ya mwili inageuka inashambulia viungo na valvu za moyo (vile vilango vya kupitishia damu), na valvu ikiharibika haina kusukutua. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa inazuia hilo. Na kitu kilichonishangaza, pamoja na ujinga wetu wote wa madroo, mdudu huyu mpaka leo hajaonekana kuwa sugu kwa penisilini. Dawa ya Fleming bado inampiga vilevile.

Siku kumi, asubuhi na jioni, hakuna kuruka. Koo lilitulia siku ya pili na joto likaisha.

Leo ni siku ya saba yake. Asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani nasokota utambi wa kuhakikisha tu, ukatoka mkavu, akaja na glasi ya maji na uso wa mtu mwenye hoja. Akauliza kwa nini ameze dawa wakati haumwi, si tuweke zilizobaki kwenye droo.