Sungura mwenye jina la haradali

Jana usiku nimecheka peke yangu mpaka mama akagonga ukuta.

"Unaangalia nini saa hizi?"
"Katuni, mama."
"Katuni gani hiyo?"
"Ya Jehanamu."

Kimya. Kisha nikasikia "Astaghfirullah", na kitanda kikalia.

Inaitwa Hozuki no Reitetsu. Ilianza kama manga, yaani hadithi ya michoro kitabuni, ya Natsumi Eguchi mwaka 2011, ikawa anime, katuni ya televisheni, Januari 2014. Jehanamu yenyewe ni ile ya Wabuddha wa Japani: nane za moto, nane za baridi, na ndani yake idara 272. Tatizo la idara zote hizo ni moja, wafanyakazi hawatoshi. Mfalme Enma, hakimu wa wafu, ni jitu la ndevu lenye moyo laini. Anayeendesha mambo ni msaidizi wake Hozuki, zimwi la pembe moja, uso haucheki, rungu la chuma mkononi. Marehemu wanapanga foleni, mafaili yanapanda, mtu anaomba ruhusa, mwingine analalamikia zamu. Mimi nashinda kwenye meza ya kupokea mafaili, sitasema wapi, na mara ya kwanza nilicheka kwa sababu hiyo tu. Nikadhani nimeielewa.

Kumbe sikuelewa hata nusu. Kipande cha kwanza anaingia kijana mwenye upanga, amekuja kutafuta zimwi la kupigana nalo, na nyuma yake wako mbwa, nyani na ndege wa ukoo wa kwale. Mimi nikaona kichekesho cha mtu mwenye majivuno. Mjapani ameshamtambua zamani: huyo ni Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya pichi lililoelea mtoni, akaenda kisiwa cha mazimwi na kurudi na hazina. Wale wanyama alijipatia kwa kuwagawia vitonge vya mtama. Sasa humo Jehanamu ndipo wanapofunguka: vita vyote vile, ujira ni kitonge? Hozuki anawapa ajira rasmi kwenye jehanamu ya waliotesa wanyama. Shujaa naye anaishia kuwa kibarua wa mganga wa dawa, na kusema kweli anaonekana ametulia kuliko alipokuwa shujaa.

Ilibidi nirudi nyuma, nitafute hadithi zenyewe, halafu niangalie tena. Bando la wiki liliisha Jumatano. Mambo mengine hata ukitafuta hayakuchekeshi kama yanavyomchekesha mwenyewe: Hozuki anafuga mimea yenye samaki hai kwenye ncha, inalia kama watoto wachanga, kumbe kwa Kijapani liko ua la kweli linaloitwa "ua la samaki wa dhahabu", naye mchoraji akalichukua jina neno kwa neno. Ukishaelezwa, unatikisa kichwa tu. Ila hili la Ono no Takamura lilinifurahisha hata kabla ya katuni: mshairi wa karne ya 9, mchana mtumishi wa ikulu, na masimulizi ya Kyoto yanasema usiku alishuka kwa kisima kwenda kumsaidia Enma kazi. Ajira mbili! Basi kuigeuza Jehanamu ofisi hakukuanza na televisheni.

Aliyeninyima usingizi ni sungura. Mdogo, mlaini, sauti ya upole, mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Mtu akithubutu kutamka "tanuki", mnyama mmoja anayefanana na fungo, macho yanambadilika na ataanza kupiga chochote kilicho mbele yake. Jina lake Karashi, yaani haradali. Nilicheka, kisha nikaenda kusoma ametoka wapi.

Tanuki alimuua bibi kizee, akampikia mumewe mchuzi wa nyama ya mkewe, na mzee akanywa. Sungura, rafiki wa wale wazee, akaamua kulipiza. Akamtwika tanuki mzigo wa kuni, akatembea nyuma yake akigonga mawe ya kuwashia moto, kachi-kachi. Tanuki akauliza, sauti gani hiyo? Akajibiwa, huu ni mlima wa Kachi-kachi, ndege wake ndivyo wanavyolia. Mgongo ukaungua. Sungura akaja tena na dawa ya vidonda, kumbe haradali. Mwisho akamtengenezea mtumbwi wa udongo, ukayeyuka majini.

Nililala nikimfikiria sungura wetu. Yeye akishamwingiza fisi mkenge anaondoka zake anacheka, keshasahau. Huyu wa kwao ameshinda kila kitu, adui amezama, na bado neno moja linamrudisha pale pale kwenye chungu cha mchuzi. Katuni imelifanya kichekesho, na ni kichekesho kweli, lakini mara ya pili sikucheka kwa sauti ile.

Leo mtoto wa dada alitaka hadithi. Paukwa, pakawa, nikamsimulia hiyo ya Kachi-kachi, mchuzi nikauruka. Alisikiliza mpaka mtumbwi ulipozama.

"Mjomba, si alishamchoma mgongo? Kwa nini akamfuata tena?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia kama tunavyowaambia watu dirishani kwetu: njoo kesho.