Mbia mpya, fomu mpya

Jana tuliitwa kikao. Programu ya ruzuku iliyotulipia sisi wasanii nusu ya kodi ya studio kwa miaka mitatu imebadilisha wabia: mfadhili wa nje kamaliza muda wake, sasa imeingia benki. Mratibu wetu, dada mmoja mpole sana, alisoma barua huku macho yapo mezani. Nikajua kuna neno.

Kumbe ruzuku imekuwa mkopo. Riba nafuu, sawa, ila mkopo ni mkopo. Fomu ina kurasa nane, na ukurasa wa tatu unauliza dhamana. Mzee mmoja anayechonga mpingo akauliza, "Mwanangu, kinyago nacho ni dhamana?" Tukacheka, dada wa watu hakucheka.

Sisemi benki ina kosa, biashara yao ndiyo hiyo. Kilichoniuma ni kuambiwa wiki mbili kabla, nami nimeshachukua hadibodi kumi za kuchorea kwa mkopo wa duka nikitegemea malipo ya mwezi huu. Zimeegemea ukutani hapa, nne zina rangi, sita tupu. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji wenye jina lake, alianza na rangi za kopo hizi hizi pale Oysterbay, Dar es Salaam, na sidhani kama kuna aliyemdai mpango wa biashara wa miaka miwili.

Nimechukua fomu, sijajaza. Kwa sasa nauza picha mbili za chui na moja ya soko la samaki Feri. Anayetaka aje inbox, bei tutaelewana.