Kadi za mchango si nakala

Hifadhi za mtandaoni zilinijia moja moja, kila moja kwa njia yake. Dropbox ilianza chuoni, kwa sababu darasa letu lilikuwa likigawana notisi humo. Nafasi ya bure ni GB 2, na ilijaa mapema. Google ilikuja na simu. OneDrive ilikuja na laptopu. Miaka ikapita, na mitihani ya kidato cha pili, skani za vyeti na picha za harusi ya mdogo wangu zikawa zimetapakaa kote huko, nyingine mara tatu.

Kilichonisukuma kuvikusanya vyote na kufuta vilivyojirudia ni kujaa kwa GB 15 za bure za Google. Nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, Drive (hifadhi yake ya mafaili) na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha unayopandisha kwenye Google Photos inahesabiwa, isipokuwa kwa simu chache. Ikijaa, hata barua pepe haziingii. Kulipia ningeweza, lakini kulipa kila mwezi ili kutunza nakala tatu za kitu kilekile? Hapana. Nikanunua diski ya nje ya TB 1.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja tu: kwanza vyote vije nyumbani, kufuta baadaye. Vitu vikiwa bado vimetapakaa huna njia ya kujua kama hiyo unayoiita nakala ina mwenzake kweli. Na visije kwenye ile folda ambayo laptopu inaoanisha na mtandao, maana ukifuta kitu humo kinafutika na kule. Kama folda ni ya ukoo mzima, umewafutia na shangazi zako.

Kushusha nilitumia rclone, programu ya bure isiyo na vitufe wala madirisha. Unaandika amri, yenyewe inafanya. Inazijua Drive, Dropbox na OneDrive zote. Uzuri wake kwetu sisi wa bando la usiku na umeme wa kukatika ni kwamba ukirudia amri ileile, inaruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Tumia «copy», usitumie «sync»: hiyo ya pili hufuta upande wa kupokea chochote ambacho hakipo upande wa kutoa. Walimu wenzangu, hili nalo lisiwapite: andalio la somo uliloandika kwenye Google Docs si faili kama mafaili mengine. Ukiona kwenye kompyuta faili linaloishia na «.gdoc», hicho ni kiungo tu, ndani hamna somo. rclone hulibadilisha kuwa faili la Word linaposhuka.

Picha nilizitoa kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vyako vyote. Vinakuja vikiwa vimefungashwa kwenye mafurushi yaitwayo zipu. Nilichagua zipu za GB 2 badala ya zile za GB 50, maana viungo vya kupakulia vina muda maalumu, na zipu kubwa ikikatikia njiani kwa mtandao wetu ni kilio. Ujue pia kwamba picha iliyo kwenye albamu inakuja mara mbili: kwenye folda ya mwaka na kwenye folda ya albamu. Pembeni ya kila picha kuna kifaili cha maandishi, cha JSON, chenye tarehe na mahali. Msivitupe, kuna picha ambazo tarehe yake imebaki humo tu.

Sasa nakala. Zile zinazofanana kabisa ni kazi ya mashine, na inaifanya vizuri. Natumia Czkawka, programu ya kutafuta nakala, nayo ni ya bure. Inaanza na ukubwa, kwa kuwa mafaili yenye ukubwa tofauti hayawezi kuwa sawa, kisha inapiga hesabu ya yaliyomo ndani na kutoa mlolongo wa herufi na tarakimu uitwao heshi. Heshi zikilingana, ni kitu kimoja, hata kama moja inaitwa «Mtihani MWISHO» na nyingine «Mtihani MWISHO KABISA (1)». Hapo nilifuta bila wasiwasi. Mafaili ya Word ndiyo yanayoiponyoka: ukilifungua moja na kulihifadhi upya, heshi inabadilika ingawa hujagusa neno. Hayo nililazimika kuyasoma.

Shughuli yenyewe ilikuwa WhatsApp. Picha ikipita humo kwa njia ya kawaida inapunguzwa na kuvuliwa taarifa za kamera, ikabaki na jina kama IMG-20190412-WA0007. Tarehe hiyo ni ya kutumwa au kupokewa, si ya kupigwa. Ndiyo maana kuna babu yangu wa miaka ya themanini anayedai alipigwa picha mwaka 2019. Kwa heshi, hiyo na picha asili ni vitu viwili tofauti. Inabidi utumie kipengele cha picha zinazoshabihiana, ambacho huifinya kila picha kuwa kitu kidogo sana kisha kulinganisha mwanga na kiza.

Na hapo mashine inaanza kusema uongo kwa nia njema. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi, kwa hiyo nina kadi za mchango za kila aliyealikwa. Maua yaleyale, dhahabu ileile, tofauti ni mstari mmoja wa jina. Programu ikaziona zote ni picha moja, ikapendekeza nibakize moja. Vivyo hivyo picha za skrini za miamala: rangi moja, mpangilio mmoja, kiasi na mtumaji tofauti. Kamati yoyote inajua kesi ya «mimi nilishatoa» inavyoweza kufufuka hata bi harusi akiwa na mtoto wa pili. Kadi na miamala nikazihamishia folda yake, nikaiambia programu isiiguse.

Picha za watu nilizipitia kwa jicho, moja moja. Kitufe cha kuchagua zenye ukubwa mdogo zaidi sikukigusa. Kwenye sendoff kuna picha mbili zilizopishana sekunde moja: katika ile kubwa bibi amefumba macho, katika ile ndogo anacheka. Nilibakiza zote mbili, mniache.

Diski ya kwanza ikishakamilika niliinakili yote kwenye ya pili, ikaenda Dodoma kwa dada, maana diski moja ikianguka sakafuni hakuna wa kumlaumu. Ndipo nikafuta kule mtandaoni, na kumwaga pipa la taka pia. Kwenye Drive vilivyomo bado vinakula nafasi hadi viondoke vyenyewe baada ya siku 30.

Kazi iliyobaki ni kwenye kundi la familia. Nimewaomba wanaonitumia picha za zamani wazitume kama dokumenti, ili zifike zilivyo. Mama mdogo amejibu kwamba za Pasaka alishanitumia, nitafute huko juu.