Foleni ilivyonishinda siku ya zoezi la moto

Waliponichagua katibu wa kamati ya usalama kazini nilidhani nimepewa kazi ya kutia saini tu. Ofisi yetu iko katika jengo kubwa la mawe la orofa mbili, Mji Mkongwe wa Lamu, na kuna siku ukumbi wa chini hujaa hadi mlangoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati kama hiyo penye wafanyakazi 20 au zaidi, na kanuni za moto za mwaka huohuo zinataka zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Mimi nina miaka sita pale, sikuwahi kuliona hata moja.

Wenzangu walinicheka: jiwe litaungua vipi? Mawe ya matumbawe hayaungui, kweli, lakini dari zetu ni boriti za mikoko, na makabati yamejaa mafaili makavu kuliko makuti. Tena usingoje gari la zimamoto likufikie kwenye vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kwetu, kutoka mapema ndiyo dawa.

Jumanne, saa nne asubuhi, nikapiga kengele ya mkono, maana ya umeme hunyamaza stima zikipotea. Watu ukumbini wakainua vichwa, wakaangaliana, wakarudi kwenye simu zao. Nikapaza sauti kwamba ni zoezi, tokeni taratibu. Mama mmoja wa makamo, kashika bahasha yake kifuani, akanitazama:

"Mwanangu, mimi niko hapa tangu saa moja. Nikitoka, foleni yangu ataniwekea nani?"

Sikuwa na jibu, na waliokuwa nyuma yake walijua sina. Huko juu mhasibu alirudi mara mbili kuchukua mkoba. Tulipofika mlango wa nyuma tukakuta kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo Mombasa. Mpaka mtu wa mwisho anatoka, dakika kumi na moja zimekwisha. Nikataka kuhesabu watu, mlinzi akashika kichwa: daftari la wageni kaliacha mezani, ndani ya jengo "linaloungua".

Usiku ule sikulala vizuri. Mafunzo niliyohudhuria yalinifundisha mitungi ya kuzimia moto: ya maji kwa karatasi na mbao, ya kaboni dioksidi kwa vyombo vya umeme, vuta pini, elekeza kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake. Hakuna aliyenifundisha habari ya foleni. Na yule mama hakuwa mkaidi. Moto hakuuona, lakini kupoteza nusu siku alikuona waziwazi.

Basi nikamwomba seremala akate vibao 80 vya mbao, nikaviandika namba kwa rangi. Unaingia, mlinzi anakupa kibao na kuandika namba daftarini. Kengele ikilia unatoka na kibao chako, na ukirudi unahudumiwa kwa namba ileile. Mbele ya ukumbi tukabandika maneno haya: "Namba yako ni yako, toka nayo." Daftari likafungwa kamba kwenye fulana ya riflekta ya mlinzi, asije akalisahau tena. Ufunguo wa mlango wa nyuma sasa umening'inia kando ya mlango wenyewe, kwenye kisanduku chenye kioo.

Zoezi la pili tulilifanya baada ya wiki tatu. Mwenzetu wa orofa ya juu, ambaye mguu wake mmoja haukunjiki, tulimshusha kwa kiti cha mbao chenye mikono: mmoja nyuma ameshika egemeo, mwingine chini ameshika miguu ya kiti, uso kwa uso na aliyekaa, ngazi moja moja. Ngazi za nyumba za Lamu ni za mwinuko mkali, na tulipofika chini mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Yeye alikuwa akicheka.

Tulitumia dakika tano na kitu, nyingine zikaliwa na punda wa mchanga aliyeziba njia ya kwenda uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, ambapo tulipachagua kuwa mahali pa kukusanyika kwa sababu kichochoroni hapatoshi na kuta ni ndefu. Vibao vilivyohesabiwa ni 43, daftari likasema 44. Tukatafutana kwa wasiwasi wa kweli, kumbe mmoja alikwenda kunywa kahawa na kibao mfukoni.

Lililobaki ni mlango mkuu. Ni wa nakshi, wa mbao mbili, na hufunguka kwa ndani. Watu wakiusukuma kwa pamoja utajifunga wenyewe. Kuugeuza si hiari yangu, kwani mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji ruhusa. Kwa sasa tumetia ndoano mbili ukutani, na kila asubuhi kabla ya kufungua kazi mlinzi huzifunga mbao zote mbili wazi. Mimi nikipita huzivuta kidogo, kuona kama zimeshika.